Ukurasa wa Nne

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, fundi alipiga pasi koti jeupe la binti yake. Alianza na kola, akaja mikono, akamalizia na mfuko wa kifuani uliobeba nembo ya chuo: hadubini ndogo ya uzi wa bluu katikati ya majani mawili. Nembo ile aliidarizi mwenyewe, na makoti yote thelathini na nane ya darasa lile aliyashona mwenyewe, kwenye cherehani iliyokaa chini ya dirisha la sebuleni. Binti alikunywa chai amesimama. Kisha mama mtu alimvalisha koti kama anayemvalisha mtoto siku ya kwanza ya shule, akamgeuza, akamnyoosha mgongoni, akamwambia, "Haya, daktari, nenda ukawatoe watu damu." Kila siku binti alimsahihisha kwamba yeye si daktari, ni mtu wa maabara, na hata huyo bado hajawa. Kila siku mama alijibu kwamba kwake yote mamoja.

Jumanne hiyo binti aliondoka kama kawaida. Fundi akakaa kwenye cherehani, na hajamaliza hata upindo mmoja wa gauni la mteja, mlango ukafunguliwa. Binti amerudi. Koti hakulivaa, alikuwa amelikunja na kulitia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ameukumbatia.

"Umesahau nini?" mama aliuliza.

"Sijasahau kitu."

Akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, jinsi walivyofundishwa kunawa baada ya kazi. Hakuwa amefanya kazi yoyote.

Ilimchukua mama nusu saa kuyatoa maneno, moja moja, kama mtu anayefumua mshono mbaya bila kutaka kuchana kitambaa. Mkuu wa maabara pale hospitali aliwaita wanafunzi wote saba wa chuo chao waliokuwa kwenye mazoezi, akawasomea barua ya Baraza, lile linalosimamia kozi za afya. Barua ilisema kozi ya maabara ya chuo chao haina ithibati, haijapata kuwa nayo, na kwa hiyo wanafunzi wake wasiguse sampuli ya mgonjwa yeyote. Mkuu wa maabara hakuwa mkali. Alisema samahani mara mbili. Lakini aliwaomba wavue glavu na kuziacha, kwa kuwa glavu ni mali ya hospitali. Binti alikuwa ameshika kichupa cha damu ambacho hajamaliza kukiandika jina. Akaambiwa akiweke hapo hapo, asikiguse tena. Kwenye benchi la kusubiria alikuwako mzee mmoja aliyefuata majibu yake. Mzee akauliza, bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu, "Kwa hiyo jana aliyenitoa damu ni nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu, mama. Nilitoka."

Fundi alilichukua lile koti kwenye mfuko wa nailoni, akalitundika nyuma ya mlango mahali pake pa siku zote, kana kwamba jambo lenyewe ni la kusubiri mvua ipite. Alijua mtu wa kumuuliza. Mume wake alikuwa karani wa usajili wa chuo hicho hicho. Mtaani walimwita Bwana Mhuri, na jina hilo alilipenda.

Bwana Mhuri aliporudi jioni hakuvua viatu. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, akasema habari anazo, tangu saa nne simu za chuo hazijanyamaza. Akasema hakuna cha kuhangaika. Chuo ndicho kilichotangulia kulishtaki Baraza, wiki tatu zilizopita, kwa kukawisha ithibati makusudi, na Baraza limetuma barua zile hospitalini kwa hasira tu. Mke wake akamuuliza kama ni kweli kozi haikuwa na ithibati tangu mwanzo.

"Suala liko mahakamani," akasema.

Akamuuliza kama yeye alijua.

"Nimekwambia, mama, suala liko mahakamani. Haliwezi kujadiliwa nje."

Tangu siku hiyo sentensi hiyo ikawa mgeni asiyeondoka nyumbani mwao. Aliulizwa mitihani ya mwisho ya miezi minne ijayo itakuwaje, akasema suala liko mahakamani. Aliulizwa wanafunzi wafanye nini kwa sasa, jibu likawa lile lile. Asubuhi ya Alhamisi alifunua kopo, akaliinamisha, akauliza sukari imekwenda wapi. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. "Nayo iko mahakamani," akasema. Binti alicheka, akaziba mdomo, na baba mtu akanywa chai yake chungu hadi mwisho.

Ijumaa alikuja Mama Pacha. Alikuwa muuza viatu vya mtumba na jirani wa nyumba ya tatu, na wanawe wote wawili, mapacha, walisoma darasa moja na binti. Kwa kawaida aliingia akianza kuongea tangu mlangoni. Siku hiyo alibisha hodi, akasubiri aitikiwe. Mkononi alikuwa na makoti mawili meupe, yamefuliwa na kukunjwa vizuri.

Fundi alimkaribisha chai. Akasema amekunywa. Akamkaribisha kiti. Akasema hakai.

"Nimekuja unitolee hizi nembo," akasema. "Nitayauza. Nimeona wauza nyama nao wanavaa makoti meupe, na hakuna anayewauliza cheti."

Fundi alitaka kucheka, kwa kuwa zamani wangecheka, lakini uso wa Mama Pacha haukumruhusu. Alichukua kiwembe, akaanza kukata nyuzi za bluu kwa nyuma, hadubini ya kwanza, kisha ya pili. Kazi iliyomchukua saa nzima kuidarizi ilifumuka kwa dakika chache. Palipokuwa na nembo pakabaki doa lililo jeupe kuliko koti lenyewe, na matundu madogo ya sindano, safu safu. Alipitisha pasi, matundu hayakuziba. Alipitisha tena.

"Yaache," Mama Pacha alisema. "Muuza nyama hatayaona."

Akatoa noti kwenye pindo la kanga. Fundi akasema hapana, jamani, kwa kazi hii hawezi kupokea pesa. Mama Pacha akaiweka noti juu ya cherehani, akaibana na kopo la vifungo.

"Sitaki cha bure cha nyumba hii, dada. Cha bure cha nyumba hii nimeshakipata. Mimi sikuwa nakijua hicho chuo. Nilikuja hapa kupima gauni, nikakuuliza wanangu niwapeleke wapi. Unakumbuka uliniambia nini?"

Fundi alikumbuka. Alimwambia, hata wangu yuko hapo. Aliwaambia hivyo wamama wengi, wakiwa wamesimama katikati ya sebule hiyo, mikono juu, huku utepe wa kupimia umewazunguka kifua. Hakuwa amedanganya. Lakini Mama Pacha alipoondoka, alijikuta amekaa na kiwembe mkononi, uso unamwaka kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mteja.

Binti alikuwa chumbani na mlango haukufungwa. Aliyasikia yote. Hakutoka.

Wanafunzi walikutana, wakamchagua binti na pacha mmoja wawawakilishe. Walimpata wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke kijana aliyevaa raba na kutumia chumba kimoja juu ya duka la vioo. Wakili huyo aliomba wanafunzi waunganishwe kwenye kesi, na mahakama ikakubali. Wiki ya tatu akawaita kuwaeleza mambo yalivyosimama, na alieleza kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa.

Baraza, alisema, halina ugomvi na wanafunzi. Limeshaandika kwamba liko tayari kuwahamishia kwenye chuo chenye ithibati, wasome muhula mmoja wa kurekebisha, kisha wafanye mitihani kama wenzao, na gharama walipe waliowadanganya. Lakini hilo linasimama juu ya neno moja: wanafunzi hawakujua. Chuo kinasema walijua. Kinasema kila mwanafunzi aliambiwa kwa mdomo kwamba ithibati bado, na akatia sahihi. Jaji akikubali walijua, basi walicheza kamari kwa hiari yao, na miaka yao mitatu imeliwa.

"Na wana nini cha kuonyesha?" pacha aliuliza.

Wakili akasukuma jalada nene mezani. Ndani yake kulikuwa na nakala za fomu za usajili, thelathini na nane, zote zimefunguliwa ukurasa wa nne. Ya juu kabisa ilikuwa na namba moja. Binti aliitambua sahihi kabla ya kusoma jina: ile herufi ya mwanzo aliyoipa mkia mrefu kwa sababu siku hiyo alijiona mkubwa.

"Huyu wa kwanza ni nani?" wakili akauliza. "Kama anapatikana, nitamhitaji."

"Ni mimi."

Nyuma ya fomu kulikuwa na hati ya kiapo. Karani wa usajili aliapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba alimkalisha kila mwanafunzi, mmoja mmoja, akamsomea ukurasa wa nne na kumweleza maana yake kabla ya sahihi. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita, kabla ya ile Jumanne. Baba yake alirudi nyumbani siku hiyo na mkate, binti alikumbuka, akiwa mchangamfu.

"Na huyu karani mnamfahamu? Ni mtu wa namna gani?"

Pacha alimtazama binti, akageuka kuangalia dirisha. Kwa hilo binti alimshukuru moyoni, na aibu ikamzidi.

"Ni karani tu," akasema. "Anafanya kazi haraka."

Na ni kweli alifanya kazi haraka. Ile ndiyo ilikuwa sifa yake chuoni. Fomu ilikuwa na kurasa tano, na karani alibuni njia yake: alizibana zote juu kwa kibanio, zikiwa zimepangwa kwa ngazi, kila ukurasa ukichungulia chini ya mwenzake kwa upana wa vidole viwili, ambapo palikuwa na mstari wa sahihi tu. Kwenye kila mstari alitia alama ndogo ya penseli. Mwanafunzi alishuka na kalamu kama mtu anayeshuka ngazi, sahihi tano, mhuri mmoja, karibu chuoni. Asubuhi moja aliandikisha nusu ya darasa, na mkuu wa chuo akamsifu mbele ya walimu.

Jumamosi mchana baba alikuwa sebuleni anasoma gazeti, mama yuko kwenye cherehani. Binti akaja na nakala ya ukurasa mmoja, akaiweka juu ya gazeti.

"Baba, naomba unisomee."

Aliutazama ukurasa, akautambua. Akasema miwani yake iko chumbani. Binti akamwambia miwani iko kichwani.

"Nisomee kwa sauti. Umeapa kwamba ulinisomea. Nami nataka nikumbuke."

Cherehani ikanyamaza. Karani alishusha miwani, akasafisha koo, akaanza kwa sauti ya ofisini: "Mimi mwanafunzi niliyetajwa hapo juu, ninakiri kuelewa kwamba kozi hii inasubiri ithibati, na kwamba chuo hakitawajibika kwa hasara yoyote..." Hapo sauti ikapungua, kama redio iliyokwisha betri. Akasema yaliyobaki ni ya kisheria tu.

"Malizia," fundi alisema.

Akamalizia. Itakayonipata iwapo ithibati hiyo itachelewa au kukataliwa. Kisha akaanza kujieleza haraka haraka. Fomu ni fomu, hakuna anayezisoma, hata benki hawasomi. Angemsomea kila mtu, usajili ungechukua wiki. Kila mtu aliamini ithibati ingekuja ndani ya mwaka. Wakaguzi walikuja kweli, ni vile tu walikuta hadubini moja kwa darasa zima. Na kile kiapo alikikuta kimeshaandikwa na wakili wa chuo, angekataa, Jumatatu kiti chake angekalia mwingine. Waliendelea kumtazama tu, na kwa kuwa walimtazama tu, akasema lile ambalo hata yeye alipolisikia alitamani kulirudisha mdomoni.

"Na wewe ulikuwa mtu mzima, mama. Mtu mzima anasoma kabla ya kutia sahihi."

Binti aliuchukua ukurasa wake, akaukunja mara mbili.

"Sikuiangalia karatasi, baba. Nilimwangalia aliyenipa."

Akaingia chumbani. Fundi alibaki amekaa, mguu juu ya kanyagio la cherehani, bila kulikanyaga. Hakumtukana mumewe. Alisema tu, taratibu, kama anayehesabu mishono, kwamba yeye amewaambia wamama wa watu, hata wangu yuko hapo. Kwamba jana sokoni alipomwona mmoja wao kwa mbali, yeye ndiye aliyejificha nyuma ya magunia ya vitunguu, mtu mzima na umri wake. Na kwamba yeye hakulipwa mshahara kwa uongo huo, aliutoa bure.

Siku ya kusikilizwa kesi, karani alijipigia pasi shati mwenyewe. Hakuna aliyemkatalia kumpigia, hakuomba tu. Aliunguza kidogo ukosi, akaugeuza ndani.

Mkuu wa chuo alimngoja kwenye ngazi za mahakama pamoja na wakili wa chuo. Alilitazama lile shati, akavua koti lake la suti, akamvika karani mbele za watu, akamfunga na kifungo. Mikono ya koti ilimfika karani kwenye vidole. Wakili wa chuo akamkumbusha kwamba atahojiwa juu ya kiapo chake, ajibu kwa ufupi. Uliwaeleza? Niliwaeleza. Mmoja mmoja? Mmoja mmoja. Basi, asiongeze chumvi, asipunguze.

Ndani, karani alikaa upande wa chuo. Upande wa pili walikaa wanafunzi na wazazi wao, na fundi alikuwa miongoni mwao, mwisho wa benchi, nafasi moja wazi kati yake na Mama Pacha. Binti alikaa mbele na wakili mwenye raba. Karani alikuwa na majibu mawili mdomoni, lile alilofundishwa na lingine, na kwa kweli hakujua ni lipi lingetoka akiitwa. Alikuwa na kazi miaka kumi na minane. Alikuwa na binti miaka ishirini na mbili. Alikaa anazitazama zile namba mbili kana kwamba zingemwamulia.

Hakuitwa. Saa tano kasoro aliingia karani wa mahakama, mtu mwenye kikohozi, akatangaza kwamba mheshimiwa jaji yuko kwenye semina na mashauri yote ya leo yameahirishwa; hili litasikilizwa baada ya miezi miwili. Watu walisimama wakinung'unika. Mapacha walihesabu kwa vidole: miezi miwili, mitihani itakuwa imebaki wiki sita.

Karani wa chuo alitoka kwenye chumba cha mahakama na kukuta miguu yake ni myepesi. Aliona aibu kwa wepesi huo, lakini hakuacha kutembea. Mkuu wa chuo alimpiga bega, akasema tumepata muda, twende, gari liko nyuma.

Ukumbini, Mama Pacha alisimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Hongera, Bwana Mhuri. Umeongezewa miezi miwili ya usingizi. Ulizipiga mhuri fomu za wanangu kwa mpigo mmoja, ukanitania kwamba pacha wanapunguziwa wino. Nikacheka. Nilikuletea na zawadi. Sasa niambie mimi, si jaji: wanangu uliwasomea nini?"

Watu walisimama. Wazazi wengine walisogea, nao wanafunzi, wakawazunguka. Karani alifungua mdomo, akaangalia mikono ya lile koti la suti iliyomfunika vidole.

"Mama, mwacheni," binti alisema.

Alikuwa amepenya katikati ya wenzake, akasimama kando ya baba yake, karibu, bila kumgusa.

"Mwacheni baba. Yeye hakujua. Alidanganywa kama sisi. Alipewa karatasi akaambiwa azigawe, basi."

Alisema bila kutetemeka, akimwangalia Mama Pacha machoni, na shingo yake ilikuwa imejaa vipele vya joto. Hakuwa msema uongo. Wote pale walijua hivyo, na kwa sababu hiyo walimwamini. Mama mmoja aliguna kwa huruma. Mama Pacha alishusha mabega. Kwenye ngazi, mkuu wa chuo alitikisa kichwa kuafiki, akamwita karani kwa mkono, taratibu, aje waende. Fundi, nyuma ya watu, aliinamisha uso, kwani alimwelewa mwanawe: alikuwa anamtolea baba yake kitu ambacho hakitarudi, kama mtu anayevua nguo yake mwenyewe kumsitiri mwingine.

Karani angeweza kuondoka. Njia ilikuwa imefunguliwa, mtu mmoja hata alimpisha. Alivua koti la suti. Hakujua alitie wapi, akalishika tu mkononi.

"Hapana," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Hapana, jamani. Mtoto ananisitiri. Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua. Ukurasa huo niliuchapa mimi, nikaubana mimi ili usisomeke. Sikumsomea mtu hata mmoja. Niliapa uongo."

Mkuu wa chuo alimwita tena, safari hii kwa sauti. Wakili mwenye raba alikuwa ameshasogea. Akamuuliza kwa upole kama yuko tayari kuyaapa hayo, yaandikwe. Karani akasema ndiyo, hata leo, hata sasa hivi. Kisha akamgeukia binti yake, na ilimbidi asubiri kidogo hadi binti akubali kumtazama.

"Mkuu alisema watu wanaiogopa kozi mpya. Akasema nilete wangu kwanza, wakimwona watakuja. Nikakuleta. Nilikufanya chambo, mama, na ulipokuwa unatia sahihi ulitabasamu, nami nilikuona, nikanyamaza."